Usisogeze kitelezi kabla hawajakisia: kufundisha hisabati ya sekondari kwa zana za mtandaoni

Mara ya kwanza nilipoingia na projekta Kidato cha Tatu, wanafunzi walipiga makofi. Nilifungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, nikawa navuta parabola, ule mkunjo wa grafu ya x², huku na huku: inapanuka, inajibana, inapinduka kichwa chini. Dakika 40 zikaisha kama sinema. Wiki iliyofuata nikaandika swali ubaoni: chora grafu ya y = x² − 4x + 3, kisha utaje nukta ya kugeukia. Madaftari mengi yalirudi na herufi V iliyopigwa kwa rula.

Programu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyefanya kazi yote, wao wakatazama. Tangu hapo nina sharti moja: kitelezi, yaani kile kijistari chenye nukta unachokivuta kwa kidole kubadili namba, hakisogei mpaka kila mwanafunzi awe ameandika kwa kalamu anachodhani kitatokea. Hatua zote zilizo hapa chini zinalitumikia sharti hilo.

Namwandikia mwalimu wa shule ya kawaida ya Tanzania. Darasa lina wanafunzi 60 au 80, projekta ni moja shule nzima, wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na bando unanunua mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho, na ukijaribu jana yake

Kompyuta mpakato moja inatosha. Kama huna, kishkwambi kinafaa. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vingine hadi leo vimelala kabatini na chaja zake. Kitoe, kichaji, futa picha za harusi zilizojaza nafasi.

Kinachoangusha vipindi vingi ni kebo. Projekta za zamani zina tundu la VGA, kompyuta mpya nyingi hazina hilo, zina HDMI, na vishkwambi na simu nyingi hazitoi picha kwa waya hata ukichomeka adapta ya bei mbaya. Kwa hiyo unganisha kila kitu siku moja kabla, ndani ya darasa lenyewe, kwenye soketi ileile utakayotumia. Angalia pia mwanga. Mimi nimewahi kuziba dirisha kwa kanga mbili za mwalimu mwenzangu, na grafu ikaonekana hadi dawati la mwisho. Ukishamaliza, ingia kwenye mipangilio ya programu ukuze maandishi. Saizi inayokutosha wewe uliye mbele ya kioo haimtoshi aliyekaa nyuma.

Kama projekta haipo kabisa, tumia mzunguko. Gawa darasa makundi, kundi moja linakaa na kishkwambi dakika 8 huku mengine yakifanya maswali ya daftari, halafu wanabadilishana. Kwa wanafunzi 70 hilo linakula vipindi viwili. Usijidanganye kwamba litaisha kwa kimoja.

Hatua ya 2: Pakua kwenye intaneti, fundisha bila intaneti

Zana mbili zinabeba karibu kazi yote ya grafu na jometri, na zote mbili hazina malipo kwa matumizi ya darasani.

GeoGebra ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter kwenye Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Jina lenyewe limeunganisha jometri na aljebra, na ndivyo inavyofanya kazi: upande mmoja mlinganyo, upande wa pili umbo, ukigusa kimoja kingine kinabadilika. Desmos ilianzishwa Marekani mwaka 2011 na Eli Luberoff. Ni nyepesi, haina vitufe vingi, na mwalimu asiyependa kompyuta anaizoea kwa nusu saa. Kwa kuchora pembetatu, duara na vipenyo natumia GeoGebra. Kwa grafu za harakaharaka natumia Desmos.

Zote mbili zina programu ya simu inayosakinishwa na kufanya kazi bila mtandao. Sakinisha, kisha weka simu kwenye hali ya ndege na ujaribu somo zima kuanzia mwanzo. Kikifunguka kila kitu, uko salama. Kikigoma kitu, afadhali kigome ukiwa nyumbani kuliko mbele ya Kidato cha Nne B.

Shule yako ikiwa na chumba cha kompyuta kisicho na intaneti, tazama Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja mahali penye mtandao, unapakua mada unazotaka za Khan Academy, masomo ya bure ya video, na mazoezi yake, halafu unairudisha shuleni na kuigawia kwa kifaa cha Wi-Fi. Wanafunzi wanaifungua kwa kivinjari kama tovuti ya kawaida, wala hakuna MB inayoondoka. Maandishi ya programu yenyewe yapo kwa Kiswahili. Chagua mada chache tu. Ukipakua maktaba nzima ya video utajaza diski na hutamaliza usiku huo.

Hatua ya 3: Andika swali kwanza

Kabla hujafungua programu, andika kwenye andalio la somo swali moja ambalo ubao haulijibu vizuri. Ubao unatosha kabisa kwa kufungua mabano. Unatosha kwa kutafuta mzizi. Hautoshi pale kitu kinapobadilika, kwa sababu kwenye ubao ungelazimika kuchora grafu 15 na kufuta 14. Ukikosa swali la namna hiyo, acha projekta ofisini, fundisha kwa chaki.

Hatua ya 4: Somo moja kwa karibu, namba b inafanya nini?

Fungua GeoGebra upande wa grafu. Andika

f(x) = a x^2 + b x + c

ukiacha nafasi kati ya a na x, na kati ya b na x, ili programu isidhani ax ni jina la kitu kimoja. Vitelezi vya a, b na c vitajitokeza vyenyewe. Kwenye mipangilio ya b weka kuanzia −6 hadi 6, hatua ya 1, ili upate namba kamili tu. Hakikisha vipimo vya mihimili miwili ni sawa, 1:1. Mtu akikuza mhimili mmoja tu, parabola itaonekana nyembamba bila sababu, na kwenye mada ya mistari mistari miwili ya pembe mraba itaonekana imelala, nawe utabaki unatetea namba ambazo macho yanazikataa.

Wanafunzi wachore jedwali la safu tatu kwenye madaftari: nadhani, nimeona, kwa nini.

Anza na c, ndiyo rahisi. Uliza: nikiongeza c kutoka 1 hadi 3, grafu itakwenda wapi? Waandike. Sogeza. Karibu wote watapata, na hapo wanaanza kuzoea mchezo wenyewe. Usikae hapo zaidi ya dakika tatu.

Kwa a, waulize kuhusu 2, kisha nusu, kisha −1. Wengi hudhani a kubwa hupanua parabola, kwa kuwa kubwa ni pana. Waache waone inavyojibana. Kabla ya kuendelea, mmoja aeleze kwa jedwali la thamani: x ikiwa 2, x² ni 4 lakini 2x² ni 8, kwa hiyo mkono unapanda haraka zaidi. Lazima atatokea mmoja wa kuuliza a ikiwa 0. Mpe kitelezi akivute mwenyewe. Parabola inakufa, unabaki mstari mnyoofu.

Sasa b, ambayo ndiyo sababu ya kubeba projekta. Weka a = 1 na c = 1, b ikiwa 0. Nukta ya kugeukia iko (0, 1). Uliza: nikiongeza b, nukta hii itakwenda wapi? Kila darasa nililofundisha limenijibu kulia au kushoto. Nimeuliza na walimu wenzangu chumba cha walimu. Nao wakasema kulia au kushoto. Waandike. Wasimame wanaosema kulia, wakae, wasimame wanaosema kushoto.

Sogeza hadi 2. Nukta imekwenda kushoto na imeshuka. Sogeza hadi 4. Imeshuka zaidi. Rudi hadi −2: sasa iko kulia, nayo imeshuka. Darasa litapiga kelele kidogo, liache lipige.

Zima projekta. Ndiyo, izime, au ifunike kwa daftari. Wanafunzi watafute nukta ya kugeukia kwa mkono kwa b = −4, −2, 0, 2, 4 wakitumia x = −b/2, kwa kuwa a ni 1. Watapata (2, −3), (1, 0), (0, 1), (−1, 0), (−2, −3). Waziweke nukta hizo tano kwenye karatasi ya grafu na waziunganishe kwa mkono, bila rula. Umbo litakalotoka ni parabola nyingine, iliyopinduliwa.

Washa projekta. Andika kwenye GeoGebra

V = (-b/(2a), c - b^2/(4a))

na ubonyeze kwa muda nukta V, kisha uchague palipoandikwa Show Trace. Vuta b taratibu kutoka −6 hadi 6. Nukta itaacha alama zake njiani, na alama hizo zitapita palepale walipochora wao. Usikuze wala kusogeza ukurasa wakati huo, alama zitafutika zote.

Angalia hayo mabano ya (2a). Ukiandika -b/2a bila mabano, programu inaweza kugawa b kwa 2 kisha ikazidisha kwa a. Ubaya ni kwamba a ikiwa 1 kosa halionekani. Nimelibeba kosa hilo vipindi viwili bila kujua, hadi mwanafunzi mmoja aliposema, «Mwalimu, nukta imetoka kwenye mstari.» Nilikuwa nimeweka a = 2. Siku hizi najaribu kila fomula kwa a = 2 kabla sijaingia darasani.

Bado safu ya tatu, kwa nini. Kama x = −b/2, basi b = −2x. Weka kwenye y = x² + bx + 1, unapata y = x² − 2x² + 1, yaani y = 1 − x². Mistari miwili ya aljebra inamaliza kilichokuwa kinawashangaza. Waulize pia kwa nini parabola zote, b iwe ngapi, zilipita (0, 1). Anayejibu kwamba x ikiwa 0 ile bx inakufa, huyo ameelewa c ni nini kuliko aliyekariri.

Wiki moja baadaye rudisha swali la y = x² − 4x + 3, bila projekta.

Hatua ya 5: Kutafuta faida kubwa kwa Desmos

Mada ya Kidato cha Nne ya kuchora vikwazo, yaani mipaka ya aina ya x + 2y ≤ 10, na kutafuta faida kubwa ina kero moja kwenye Desmos: programu hupaka kivuli eneo linalotakiwa, wakati walimu wengi wa hapa kwetu na Kenya huwafundisha wanafunzi kupaka kivuli eneo lisilotakiwa, libaki jeupe lile la jibu. Vikwazo vikiwa vinne, rangi za Desmos zinapandana, hujui uangalie wapi. Dawa ni kugeuza alama bila kuondoa kijistari cha chini yake. Kikwazo kikiwa x + 2y ≤ 10, andika x + 2y ≥ 10. Mstari utabaki mzima kama inavyotakiwa, na kivuli kitaangukia upande usiotakiwa. Ukiondoa kijistari ukaandika > tu, mstari utakuwa wa vipandevipande, na mwanafunzi makini atakuuliza.

Mfano ninaoutumia ni wa fundi seremala. Kiti cha kuchonga kinakula ubao 1 na saa 3. Benchi linakula mbao 2 na saa 2. Ana mbao 10 na saa 18. Faida ya kiti ni shilingi 8,000, ya benchi 10,000. Atengeneze vingapi?

Viti x, mabenchi y. Andika Desmos: x + 2y ≥ 10, 3x + 2y ≥ 18, x ≤ 0, y ≤ 0, zote zikiwa zimegeuzwa. Patabaki pembe nne nyeupe: (0, 0), (6, 0), (4, 3), (0, 5). Hapo simama. Kila mtu aandike kona anayoidhani bila kukokotoa. Wengi watachagua (0, 5), kwa kuwa benchi lina faida kubwa.

Sasa andika 8000x + 10000y = k, ukubali kitelezi cha k, ukiweke kutoka 0 hadi 80000 kwa hatua ya 2000. Vuta polepole. Mstari unapanda sambamba, unaacha (6, 0) kwenye 48,000, unaacha (0, 5) kwenye 50,000, na mahali pa mwisho unapogusa weupe ni (4, 3), kwenye 62,000. Fomula ya kujaribu kona, ambayo huwa wanaikariri kama sala, inapata sababu yake: mstari ukisogea sambamba, hauna mahali pengine pa kutokea isipokuwa kona.

Kama muda upo, ongeza ubao mmoja, ziwe 11. Kona inahamia (3.5, 3.75), na faida inakuwa 65,500. Uliza fundi atauzaje nusu kiti. Atakayekadiria juu hadi (4, 4) mwambie ahesabu mbao, ni 12. Atakayekadiria chini hadi (3, 3) anapata 54,000 tu. Wanaotafuta kwa uvumilivu ndani ya eneo jeupe watafika (3, 4), shilingi 64,000. Hapa kipindi changu huwa kinaharibika kwa ubishi, na sijawahi kujuta.

Hatua ya 6: Dunia kama tufe, kwa Google Earth

Mada hii wanafunzi huichukia kwa sababu wanakokotoa umbali kati ya P na Q ambazo hazipo popote. Wape miji.

Hii inahitaji intaneti. Washa hotspot ya simu yako, fungua Google Earth kwenye kivinjari cha kompyuta, na piga picha za skrini mapema kama akiba. Wanafunzi waanze kwa daftari: Tanga iko karibu latitudo 5.07° Kusini, mji wa Zanzibar 6.16° Kusini, na longitudo zao zinakaribiana sana, karibu 39° Mashariki. Kwa nusu kipenyo cha kilomita 6,370 na π ya 3.14, nyuzi moja ni kama kilomita 111.12. Tofauti ni nyuzi 1.09, kwa hiyo umbali ni kilomita 121. Baada ya hapo ndipo uchukue rula ya Google Earth na upime kutoka mji hadi mji. Skrini itasoma hapohapo, ikitofautiana kidogo kulingana na mahali ulipobonyeza. Nimewaona wanafunzi wakitazama kikokotoo chao kana kwamba kimewafanyia muujiza.

Swali la pili ni la kuwatega. Saint Petersburg ya Urusi na Anchorage ya Alaska zote ziko karibu latitudo 60° Kaskazini. Moja longitudo 30° Mashariki, nyingine 150° Magharibi. Kwa fomula ya kufuata mstari wa latitudo, 180 × 111.12 × kosaini ya 60°, wanapata karibu kilomita 10,000. Rula ya Google Earth inasoma chini ya 7,000. Nani mwongo?

Acha wabishane, halafu zungusha tufe hadi Ncha ya Kaskazini ionekane katikati. Mstari wa rula umepita juu, karibu kabisa na ncha. Kwa njia hiyo ni nyuzi 30 kupanda na nyuzi 30 kushuka: 60 × 111.12, yaani kilomita 6,667. Skrini itasoma pungufu kidogo, maana Anchorage iko kaskazini zaidi ya 60°. Ukirudi kwetu karibu na ikweta, kwa mfano Mbeya na Luanda ya Angola ambazo zote ziko karibu 9° Kusini, njia mbili hizo zinatofautiana kidogo mno kiasi kwamba haina haja ya kuhangaika. Waulize kwa nini.

Hatua ya 7: Pima darasa lisilo na simu

Programu ya Plickers imetengenezwa kwa ajili ya hali yetu hasa. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wa mraba na namba yake. Kadi ina pande nne, A, B, C na D. Anainua akiwa ameweka juu upande wa jibu lake. Wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani, na majibu yote yanasomeka kwa sekunde chache. Kadi zinapakuliwa bure: seti ya kawaida ina 40, kubwa ina 63. Zichapishe kwenye karatasi ngumu. Nyembamba zinakunjika na kamera haizisomi. Mkiwa zaidi ya 63, wawili wawili washiriki kadi moja, wakubaliane kwanza.

Thamani yake iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Usiweke namba za kubahatisha, weka makosa unayoyakuta ukisahihisha. Kwa (x + 3)², A iwe x² + 9, B x² + 6x + 9, C x² + 3x + 9, D 2x + 6. Darasa likijaa A, unajua cha kufundisha dakika hiyohiyo, na chora mraba wenye upande x + 3 ukiugawa vipande vinne.

Tumia namba za wanafunzi badala ya majina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hakuna sababu ya alama za mtoto wa mtu kukaa kwenye kompyuta ya kampuni ya ng'ambo zikiwa na jina lake kamili.

Hatua ya 8: Kazi za nyumbani na simu ya mama

Mwanafunzi asiye na simu shuleni anayo ya mama yake jioni. Programu ya Photomath inapiga picha ya swali na kutoa hatua zote. Kukataza ni kujichosha. Badili swali.

Mpe kazi iliyokwisha kufanywa vibaya, atafute mstari wenye kosa:

x² = 5x
gawa pande zote kwa x
x = 5

Kamera itamwambia majibu ni 0 na 5. Kwamba kosa ni kugawa kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri, hilo aliandike yeye kwa maneno yake. Sentensi mbili tu, Kiingereza au Kiswahili, mimi napokea zote, ingawa kwenye mtihani ataandika Kiingereza na lazima azoee.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi tuma picha moja ya swali, si video. Wao ndio wanaolipa bando. Kalamu nyeusi, swali moja kwa ukurasa, piga picha karibu na dirisha bila kivuli cha mkono wako. Maelezo ya sauti yasizidi dakika moja. Orodha ya alama usiitume humo kamwe. Wakati wa likizo, kama unataka kipindi cha moja kwa moja, Zoom ya bure hukata kikao cha kundi ikifika dakika 40, sawasawa na kipindi chetu, na mimi naona imetutendea haki.

Akili mnemba naitumia kutunga maswali ya mazoezi, matano ya aina moja yenye namba tofauti. Inaokoa muda, lakini huandika majibu ya uongo kwa sauti ya mtu anayejiamini, hasa kwenye maswali yenye michoro. Kila jibu nalirudisha kwenye swali kabla halijafika ubaoni.

Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Utakatika. Kwa hiyo kila somo liwe na nusu yake kwenye karatasi: jedwali la kukisia, karatasi ya grafu, namba tano za kukokotoa. Mwaka jana ulikatika nikiwa nimefikia b, hata sijaisogeza. Waliokuwa wamesimama kusema kulia walibaki wamesimama gizani. Nikachora mihimili ubaoni, nikafungua dirisha na kuvuta zile kanga, wakaja mmoja mmoja na chaki kuweka nukta zao. Nukta ya tano ilipowekwa, msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, «Kumbe inageuka chini,» akaomba chaki aziunganishe. Umeme ulirudi saa nane mchana, projekta ikiwa imesharudi ofisini.